Kutoa Upepo

Alhamisi breki ya mbele iliaga dunia
katikati ya mteremko wa Bugando.
Niliubana mkono wake, ukaja wote mpaka kwenye grepu,
mlaini, kama mkono wa mgonjwa
anayekusalimia kwa adabu tu.

Leo sina zamu.
Nimeiegesha juu ya jiwe, nyuma ya nyumba, Mabatini:
Honda ya mwaka sabini na sita,
pikipiki ya baba, bwana pamba,
iliyokula vumbi la Magu na Misungwi
ikienda kuhesabu vitumba vilivyotobolewa na funza.
Nimelivika tangi kitenge kilichochakaa.
Mafuta ya breki hula rangi kuliko jua.

Skrubu za kifuniko zimeliwa vichwa.
Nagonga, nageuza, natukana kidogo, zinatii.
Ndani, chai iliyochemshwa mara tatu,
na chini yake utando kama kamasi.
Mafuta haya hunywa maji ya hewani.
Kumbe miaka yote hii, usiku hata usiku,
ziwa limekuwa likipanda mlima
na kuingia humu bila kubisha hodi.

Bolti ya paipu. Klipu, kwa koleo la ncha nyembamba.
Pistoni imeng'ang'ania.
Naigonga kwa kipande cha mti, taratibu,
inatoka na springi yake, na raba yake —

raba ya buluu.

Naigeuza. Haikutoka kiwandani.
Imekatwa kwa wembe, mviringo wa mtu mwenye subira,
na upande mmoja bado ina vile vitone vya soli.
Kandambili.

Ndiyo maana alishuka mlima kwa gia ya kwanza.
Ndiyo maana mguu wake wa kushoto ulining'inia,
kisigino kikikwaruza lami,
nami nyuma, nimemkumbatia, nacheka,
nikidhani ananichezea.
"Breki ya mbele ni ya watu wenye haraka," alisema.
Mwaka ule nilikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni.
Hesabu hiyo siifanyi.

Pampu mpya nimeinunua Makoroboi.
"Inaingia bila ubishi," aliniapia Nkwabi muuza spea.
Imeingia na ubishi:
bolti ina meno manene kuliko tundu,
nimerudi dukani mara mbili, ya pili sikusalimia.
Washa za shaba nimeweka mpya, zote mbili.
Ya zamani hukubali kukazwa, halafu inavuja usiku.

Sasa upepo.
Mpira wa dripu uliopitwa na tarehe,
ncha moja kwenye kalipa, nyingine kwenye chupa ya sharubati.
Luhende, mtoto wa dada, kakaa kwenye siti kama diwani.
Wodini nasema sukuma; hapa nasema bana.
Bana. Shika hivyo hivyo.
Nafungua. Nafunga.
Achia.
Bana.
Kiputo kikubwa, kisha vidogo, kama mbegu za nyanya chungu.
Mara elfu nimeipiga sindano kwa ukucha
kabla ya kuichoma; hewa haina kazi mshipani.
Jioni wadudu wa ziwani wanapanda kama moshi,
mmoja anatua kwenye kikombe cha mafuta, anaogelea.
Namtoa kwa kijiti. Tunaanza tena.
Bana.
"Mama mdogo, umegoma," anasema Luhende.
Naujaribu mwenyewe: mgumu,
mkono wa mtu aliyefurahi kuniona.

Raba ya buluu nimeifuta, nimeitia mfukoni.

Nimepanda mpaka juu, nimegeuza.
Mji wote chini, taa za Igogo zinawaka moja moja.
Gia ya pili. Ya tatu.
Kwenye kona nimebana kwa vidole viwili tu,
pua ya pikipiki ikainama, ikasimama pale pale nilipotaka,

na mguu wangu wa kushoto,
hakuna aliyeuambia,
ulikuwa tayari umeshuka.